Karata Kali Mkononi, Hasara Mezani: Jinsi ya Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Mchezaji wa poka anayelalamika kwamba karata zake kali ndizo zinazomletea hasara kwa kawaida huanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Humlaumu mgawaji, huhama kiti, au huapa kwamba kuanzia leo ree (A) mbili atazicheza kimya kimya ili zisimtie aibu tena. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, yaani kutaja dalili yenyewe bila kuipamba, kuhakikisha kwamba ubovu upo kweli, na kuufuata ubovu huo hadi unakoanzia. Jambo moja litajirudia: kushindwa na kupata hasara ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya hutengeneza kilicho kizima akakiacha kilichoharibika.

Mchezo unaozungumziwa ni Texas Hold'em, ambao kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, ambazo wachezaji huziita flopu, halafu ya nne, halafu ya tano. Fedha zote zilizokwisha kuwekwa katikati tutaziita kitita. Mifano imewekwa katika meza ya kasino yenye madau ya lazima ya shilingi 1,000 na 2,000, ambayo wachezaji wawili huyaweka kabla ya kuona karata zao. Ni kasino kwa sababu hapa Tanzania michezo ya fedha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza.

Kwanza, je, kuna ubovu wowote?

Karata mbili za kuanzia zinaweza kupangika kwa njia 1,326, na kati ya hizo ni njia 6 tu zinazotoa ree mbili. Kwa hiyo ree mbili huja mara moja katika kila migao 221. Mgawaji wa kasino akigawa mara 25 hadi 30 kwa saa, mchezaji ataziona, kwa wastani, mara moja katika kila saa saba hadi tisa. Anayecheza saa nne kila wiki atazipata kama mara 25 kwa mwaka mzima, na hata kama kila mara angekutana na mpinzani mmoja tu mwenye karata za kubahatisha, bado angetarajiwa kushindwa karibu mara nne. Mara hizo nne zikifuatana ndani ya mwezi mmoja, mchezaji huamini kwamba ana mkosi, ingawa hakuna kilichoharibika.

Ndiyo maana inafaa kuweka kumbukumbu kwenye simu, ujumbe mfupi tu wa kujiandikia mwenyewe baada ya kila mgao muhimu: karata zilikuwa zipi, ulikaa wapi ukilinganisha na alama ya mgawaji (kitufe kinachozunguka meza, na mwenye nacho huamua wa mwisho baada ya flopu), watu wangapi waliiona flopu, na kitita kilikuwa kiasi gani kabla ya flopu. Matokeo yaache. Watu wengi huandika kinyume chake, yaani matokeo peke yake, na baada ya miezi kadhaa huwa na orodha ndefu ya machungu isiyowafundisha lolote.

Dalili: ree mbili zinavunjwa kila mara

Ikiwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba flopu ilitazamwa na watu watano au sita kwa kawaida, chanzo kimekwisha kupatikana. Ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100. Wapinzani wakiwa wawili, hushuka hadi 73. Wakiwa watatu, 64. Wakiwa watano, 49. Mezani wakiingia wote wanane mbele yako, zinabaki na kama 35. Mchezaji aliyekulia kwenye mkeka wa karata za mtaani, ambako turufu hula kila kitu, huja kasino na imani kwamba ree mbili nazo ni turufu, kumbe ni jozi moja tu, iliyo kubwa kuliko jozi nyingine zote, na kila mtu anayeongezeka mezani huongeza uwezekano kwamba mmoja wao atapata zaidi ya jozi moja.

Umati huo huletwa na dau dogo. Tuchukulie kwamba watu watatu wamekwisha kuingia kwa kulipa 2,000 kila mmoja, jambo la kawaida sana kwenye meza za wikiendi ambako watu wamekuja kucheza na si kutazama. Kitita ni 9,000. Wewe unapandisha hadi 4,000. Mwenye dau kubwa la lazima sasa anatakiwa kuongeza 2,000 tu ili kugombea 13,000, na kwa bei hiyo hata karata mbovu zinastahili kulipiwa. Waliobaki nao hulipa kwa sababu ileile, na unajikuta na wapinzani watano. Ungepandisha hadi 14,000, yaani mara nne ya dau kubwa la lazima pamoja na 2,000 kwa kila mtu aliyekwisha kuingia, mtu yuleyule angetakiwa kuongeza 12,000 ili kugombea 23,000. Wengi hapo watazitupa, na atakayelipa atakuwa amelipa bei mbaya.

Kanuni hiyo si ya kukariri. Kuna meza ambazo 14,000 bado inalipwa na watu wanne. Hapo pandisha hadi 18,000 au 20,000, na endelea kuongeza hadi ubaki na mmoja au wawili. Dau sahihi hutegemea tabia ya meza ile, usiku ule.

Hata hivyo, ni lazima kusema jambo ambalo walalamikaji wengi hawapendi kulisikia. Ree mbili dhidi ya watu watano hushinda karibu nusu ya mara zote, ilhali wewe umetoa sehemu moja tu kati ya sita ya kitita. Kwa hesabu hiyo bado unafaidika. Kuvunjwa mara kwa mara hakukupi hasara kwenyewe, na kama mfuko unapungua, basi fedha zinavuja baadaye, kwenye raundi zinazofuata flopu.

Dalili: nikishinda napata kidogo, nikishindwa natoa kingi

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na ina vyanzo viwili ambavyo mara nyingi hukaa ndani ya mchezaji mmoja bila yeye kutambua kwamba vinapingana.

Chanzo cha kwanza ni kuficha. Mchezaji anapewa ree mbili, analipa 2,000 kama wengine, na anajisifu moyoni kwa ujanja wake. Watu watatu walikwisha kuingia, mwenye dau dogo la lazima anakamilisha, mwenye dau kubwa anaitazama flopu bila kuongeza hata senti, na kitita kinakuwa 12,000. Linganisha na yule aliyepandisha hadi 14,000 akalipwa na wawili kati ya wale watatu: kitita chake ni 47,000. Sasa kila mmoja wao aweke dau la theluthi mbili ya kitita katika kila raundi, na mpinzani mmoja alipe raundi zote tatu. Kitita cha kwanza kitaishia kama 152,000, na cha pili kitakaribia 600,000. Kila raundi huzidisha kilichokuwapo, kwa hiyo fedha zisizoingia mapema haziwezi kurudishwa baadaye kwa dau la kawaida. Aliyeficha ameuza faida yake kabla ya kuiona, na juu ya hayo amewakaribisha bure watu wenye karata ambazo wasingezilipia.

Chanzo cha pili ni kung'ang'ania. Wewe na mpinzani wako mna 400,000 kila mmoja mbele yenu. Una ree mbili, unapandisha hadi 10,000, watu wawili wanaokaa baada yako wanalipa, na kitita ni 33,000. Flopu inashuka: tisa ya pau, nane ya pau, sita ya kopa. Unaweka 22,000, mmoja anatupa, mwingine analipa bila kusema neno, na kitita kinakuwa 77,000. Karata ya nne ni saba ya uru. Unaweka 50,000, na yule bwana, ambaye tangu jioni hajapandisha dau zaidi ya mara mbili, anatengeneza mirundo yake ya chipu taratibu na kuisukuma mbele: 150,000.

Mezani sasa kuna sita, saba, nane na tisa. Yeyote mwenye kumi moja au tano moja amekwisha kupata mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, na wenye mfululizo ree zako haziwezi tena kuwashinda. Karata ya tano ikikupenda sana, mtagawana. Unatakiwa kuongeza 100,000 ili kugombea 277,000, na malipo hayo yangekuwa halali kama ungeshinda zaidi kidogo ya mara moja katika kila nne. Dhidi ya mtu huyu, kwenye flopu hii, hushindi mara hizo. Tupa. Hasara yako ni 82,000, ambayo inauma, lakini 318,000 bado ziko mbele yako.

Kinachowafanya watu walipe hapo ni kumbukumbu ya uzuri wa karata zao kabla ya flopu. Kinga yake ni kipimo kimoja kinachofanywa mapema, flopu inaposhuka: gawa fedha ulizobakiwa nazo kwa kitita. Katika mfano huu ni 390,000 kwa 33,000, karibu mara kumi na mbili, na kwa umbali huo jozi moja haifai kuingiza mfuko wote isipokuwa mpinzani ni mtu wa kukurupuka. Lakini kama ulikaa na 60,000 tu, ungebaki na 50,000 kwa kitita cha 33,000, mara moja na nusu. Hapo ingiza zote bila kusita, kwa sababu mpinzani mwenye jozi ndogo au anayesubiri pau ya kufikisha karata tano za alama moja atalipa mara nyingi kuliko atakavyokuwa amekushinda. Karata ni zilezile, flopu ni ileile, na uamuzi ni tofauti kabisa. Mchezaji anayeuliza kama ree mbili zitupwe au zisitupwe, bila kutaja kila mtu ana fedha kiasi gani, bado hajauliza swali linalojibika.

Ni vema pia kujua kwa nini mtu alilipa 10,000 akiwa na nne mbili. Mwenye jozi hupata karata ya tatu ya aina hiyo kwenye flopu takriban mara 12 katika 100, yaani mara moja katika nane au tisa. Kwa hiyo ili malipo yake yawe na maana, anahitaji kuvuna kutoka kwako mara nyingi zaidi ya alichotoa siku anapoipata. Ukiwa mtu wa kutupa kwa wakati, malipo yake yanageuka kuwa zawadi kwako. Ukiwa mtu wa kung'ang'ania, 10,000 yake imenunua ukaidi wako kwa bei poa.

Dalili: nikipandisha tu, wote wanatupa

Hapa meza inakusoma. Mchezaji ambaye kwa saa nzima ameinamia simu, akitupa karata zake bila hata kuziinua vizuri, ghafla anaiweka simu kifudifudi, anakaa wima, anazitazama karata mara ya pili, na kabla zamu yake haijafika tayari ameshika chipu mkononi. Mzee aliye kushoto kwake hana haja ya hesabu. "Huyu leo ameamka," atamwambia jirani yake, na wote wawili watatupa.

Sababu nyingine ni dau linalozungumza: 6,000 kwa karata za wastani, 15,000 kwa ree na wafalme. Weka dau la kiasi kimoja kwa karata zote unazopandishia, likibadilika kwa idadi ya walioingia tu. Na kama unapandisha mara moja kwa saa, ongeza karata nyingine chache, hasa unapokaa karibu na alama ya mgawaji, ili kupandisha kwako kusiwe tangazo. Usijibu dalili hii kwa kurudi kuficha. Gharama yake umekwisha kuiona.

Dalili: A na K hazinipi kitu

Mara nyingi tatizo ni matarajio. Ree na mfalme (AK) si jozi. Flopu huleta angalau ree moja au mfalme mmoja takriban mara moja katika kila tatu, kwa hiyo theluthi mbili za wakati utabaki na karata ya juu tu. Dhidi ya malkia wawili, AK hushinda kama mara 43 katika 100, au 46 zikiwa za alama moja, mathalani kopa kwa kopa. Nguvu yake iko kabla ya flopu, kwa sababu mbili: inazitawala karata zote ndogo zenye ree au mfalme, na kwa kuzishika wewe, njia za mpinzani kupata ree mbili zinapungua kutoka sita hadi tatu, na za kupata wafalme wawili vilevile.

Kwa hiyo aliyelipa tu kabla ya flopu kisha akafuata hadi karata ya tano akisubiri ree yake ameigeuza kichwa chini miguu juu. Pandisha mapema. Flopu ikikukosa na mpinzani ni mmoja, dau moja la wastani linaweza kumtoa, maana naye mara nyingi amekosa. Akilipa, na karata ya nne isikupe kitu, acha. Wapinzani wakiwa watatu, usiweke hata dau hilo moja.

Dalili: malkia na ghulamu wananitia hofu

Hofu ina msingi, ila hupimwa vibaya. Ukiwa na wafalme wawili, flopu huwa na ree angalau moja mara 23 katika 100. Ukiwa na malkia wawili, karata iliyo juu yao huonekana mara 41. Ghulamu wawili, mara 57. Kumi mbili, karibu mara 70. Maana yake ni kwamba mwenye ghulamu wawili anapaswa kutarajia karata ya juu kama hali ya kawaida, aweke dau moja mpinzani akiwa mmoja, na asiongeze shilingi akipandishiwa.

Kuna wanaotupa wafalme wawili kabla ya flopu kwa kuogopa ree mbili. Kwenye meza ya watu tisa, uwezekano kwamba mmoja wa wale wanane anazo ni kama mara moja katika 25. Isipokuwa mpinzani ni mtu ambaye hajawahi kuonekana akiingiza fedha nyingi bila ree, usiwatupe.

Dalili: napata jozi kubwa, nashindwa na jozi ileile

Una ree na ghulamu (AJ), flopu inaleta ree, unalipa raundi tatu, na mpinzani anafunua ree na mfalme. Walalamikaji huandika tukio hili chini ya "karata kali zilizovunjwa", lakini hizi hazikuwa kali. AJ ikikutana na AK hushinda takriban robo ya mara zote, na hali ni hiyohiyo kwa mfalme na malkia (KQ) mbele ya AK. Ubaya wa karata hizi ni kwamba zinapopata zinachokitafuta ndipo hugharimu zaidi: ukikosa ree unatupa kwa bei rahisi, ukiipata unafuata hadi mwisho, na anayekubali kukufuata hadi mwisho akiwa na ree mara nyingi ana karata ya pili iliyo kubwa kuliko yako.

Angalia kumbukumbu zako ulikuwa umekaa wapi. Kama ulikuwa wa kwanza au wa pili kuamua kwenye meza ya watu tisa, bado kulikuwa na watu saba au wanane nyuma yako wa kukuonyesha AK, AQ au jozi kubwa, na raundi zote zinazofuata ungeamua kabla ya wengi wao. Kwenye viti hivyo AJ na KQ zisizo za alama moja zitupwe. Mtu akipandisha mbele yako kutoka kwenye viti hivyohivyo, zitupwe pia, hata kama umekaa pazuri, kwa sababu mwenye busara hupandisha kutoka huko akiwa na zilezile zinazokutawala. Lakini ukiwa na alama ya mgawaji, wote waliotangulia wakiwa wametupa na wamebaki wawili tu wenye madau ya lazima, pandisha nazo hadi 6,000 bila wasiwasi, na mmoja wao akikupandishia hadi 20,000, zirudishe kwa mgawaji.